Utani wa Sophia Uliochelewa

Wauguzi wawili walipanga chumba changu cha uani, mmoja akikoroma na mwenzake akilalamika.

Aliyekoroma ni Mardhiya, mtoto wa Pangani, mwembamba hata ukimtazama hujui mkoromo ule anauweka wapi. Aliyelalamika ni Sophia, Mkwere wa Miono, mnene, mweusi wa kung'aa, mdomo wake haujui likizo. Wakirudi kutoka zamu ya usiku pale kituo cha afya, wanaoga, wanakunywa chai yangu, wanalala. Nami nikiwa jikoni najua kitakachofuata. Kwanza mkoromo, kama mashine ya kukoboa inayowashwa na mafuta hayatoshi. Halafu ukuta: pa! Hiyo ni kandambili ya Sophia. Kitanda kinalia, Mardhiya anageuka, kimya. Sijamaliza kupepeta mchele wangu, mashine imewaka tena.

"Mtani!" Sophia ananiita dirishani, kajifunga kanga, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Umemsikia mwenzangu? Leo kapeleka lori zima hadi Chalinze, na bado hajashusha mzigo."

"Nimemsikia. Nilidhani ni wewe unakula."

"Mnyamwezi mkubwa wee! Mgongo umekunjika kama ndoana, lakini ulimi umenyooka."

Hapo niseme kidogo habari ya utani, maana wapo vijana wanaodhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja pwani na mzigo kichwani, akautua Bagamoyo, akaona wanawake wa hapa, akasahau njia ya kurudi. Miye Kuruthumu ni mjukuu wa usahaulifu huo. Na Mnyamwezi na Mkwere ni watani. Naweza kumtukana Mkwere mbele ya wakwe zake, naye hana ruhusa ya kununa.

Lakini utani una kazi, na kazi yake kubwa iko msibani. Mkwere akifa, mtani wake huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akaenda kujilaza pale marehemu alipolazwa. "Mnalia nini? Si miye huyu hapa? Wali uko wapi?" Watu waliokauka kwa kilio wanacheka bila kupenda, na wakishacheka ndipo kilio chenyewe kinapotoka vizuri. Na mtani akilala pale haamki bure. Hainuliwi na mtu yeyote mpaka mfiwa mwenyewe aje amkomboe kwa kitu atakachotaka, kuku, kanga, hata kikombe cha uji. Akishakombolewa, marehemu kaagwa. Asipotokea mtani, watu wanarudi makwao na msiba wamebeba mzima mzima, hawajautua.

Basi Sophia nami tulikuwa tumeshapangiana.

"Wewe mzee, utatangulia," aliniambia siku moja akichambua mchicha barazani kwangu. "Nitavaa gauni lako lile la maua, nitatembea hivi." Akajikunja mgongo, akatoa mdomo mbele, akapita uani akipekua masufuria ya watu. Mardhiya alicheka mpaka akakaa chini. "Watasema Bi Kuru kafufuka."

"Na ukitangulia wewe?"

"Mimi sitangulii, mtani. Nani atamgongea huyu ukuta?"

*

Ugonjwa ule ulipokuja ulikuwa na majina mengi. Wengine waliuita korona, wengine nimonia, wengine wakasema marehemu kapata changamoto ya kupumua, utadhani ni mtihani wa shule. Mtaani tulijifukiza. Kila nyumba ina chungu cha majani na blanketi, mtu anaingia mweusi anatoka mwekundu. Nami nilijifukiza, nikatoka nikasema sasa nimeiva, leteni ndimu na pilipili. Watu walicheka kidogo. Baadaye wakaacha kucheka.

Kituoni waliitenga wodi moja ya nyuma, madirisha yake yanatazama minazi. Mardhiya na Sophia wakapangiwa humo. Walikuwa wakirudi nyumbani wanavua nguo uani, wanaogea nyuma ya pazia la magunia, nami nawaachia chakula juu ya kinu na kurudi ndani. Tulikuwa tunapiga soga kupitia ukutani. Usoni kamba za barakoa ziliwaachia mistari, hata Sophia akasema amechanjwa chale na serikali.

Halafu siku moja akarudi Mardhiya peke yake. Sophia amelazwa. Kalazwa wodi ile ile aliyokuwa akiihudumia, na muuguzi wake ni Mardhiya.

Nilipeleka uji getini, ukapokelewa. Nikapeleka tena, ukapokelewa. Mara ya mwisho Ausi, dereva wa gari la wagonjwa, alinirudishia chupa ikiwa imejaa. Akanitazama tu kwa juu ya barakoa, nikajua.

Nilikimbia nyumbani, kwa mbio za miguu yangu hii. Nikaingia chumbani kwao, nikachukua sweta lake la bluu la zamu ya usiku lililokuwa likining'inia kwenye msumari, nikachukua kandambili zake, nikafunga bunda, nikarudi getini. Gari limeshawashwa. Ndani yake kuna watu wamevaa mavazi meupe, hujui nani mume nani mke. Linakwenda moja kwa moja Miono, kutoka garini mpaka kaburini, hakuna kuoshwa na kina mama, hakuna kukaa tanga.

"Shikamoo, bibi," Ausi alisema kwa dirishani.

"Marahaba. Nisogeze hapo mbele nipande."

"Huwezi kupanda."

"Ausi, miye ni mtani wake."

"Najua, bibi. Nami ni Mkwere, najua kabisa." Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Lakini huwezi kupanda."

Wakaondoka. Nilibaki pale barabarani na bunda langu, mtani aliyekosa msiba. Mardhiya naye hawakumruhusu, maana kituo hakikuwa na mwingine wa kushika zamu.

*

Toka siku hiyo mkoromo ulikoma.

Mwanzo nilidhani analia chinichini. Nikachungulia. Mardhiya alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, miguu ameikumbatia, macho wazi. Kitanda cha Sophia kimetandikwa, sweta nimelirudisha kwenye msumari wake, hakuna aliyeligusa. Niliporudi baadaye alikuwa vilevile, kichwa kimeangukia magotini.

"Mbona hulali, mwanangu?"

"Nalala, bibi."

"Hata kuku analala amekaa. Lakini kuku hachomi watu sindano."

Alitabasamu kwa adabu. Sophia angenijibu.

Mwaka ukazunguka. Wodi ya nyuma ikafunguliwa madirisha, ikapakwa rangi, wakaweka humo wazazi. Mardhiya akapangiwa hukohuko, kupokea watoto mahali alipokuwa akifunga maiti. Watu wakaacha barakoa, harusi zikarudi, ngoma zikalia. Yeye bado analala amekaa. Mifupa ya mabega ilimtoka ikawa kama vining'inizio vya nguo. Nilimpa maji ya mchaichai, nikamsomea, nikamkanda kwa mafuta ya nazi. Ukimlaza tu mgongo ukigusa godoro, anaruka kana kwamba umemweka juu ya kaango.

Ndipo alipokuja Verdiana.

Verdiana ni binti wa Kihaya kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kiuno kama cha nyigu, sauti ya kubembelezea mtoto. Aliletwa kuwafundisha wafanyakazi wa kituo yoga. Alisema wamebeba mambo mazito wakati wa ugonjwa, na mwili hausahau hata mdomo ukinyamaza, kwa hiyo wataufundisha mwili kupumua upya. Magodoro membamba ya mpira aliyoahidiwa hayakufika. Akaulizia mikeka, akaelekezwa kwangu, maana mie ndiye msukaji.

"Shikamoo, bibi. Naomba uniazime mikeka."

"Marahaba. Mikeka yangu haitembei peke yake. Ikienda, nami nakwenda."

Basi ndivyo nilivyoingia yoga.

Tulikuwa tukikutana baada ya alasiri katika ukumbi wa kliniki ya watoto, ukutani kuna picha za matiti na za nyanya. Siku ya kwanza kina Ausi walitandika mikeka yote kuelekea kibla. Hakuna aliyewaambia, mikono yenyewe ilijiendea. Verdiana akauliza kwa nini hawamtazami mwalimu. Mmoja akanong'ona kwamba hii ni sala ya Mabaniani. Nikamwambia kama kujikunja ni sala, basi mie mgongo huu unasali mchana kutwa na sijapata fungu langu.

Wakafanya mlima, wakafanya mti, wakafanya paka. Daktari Tarcis, mganga mfawidhi wetu, mtu mpole mwenye tumbo la heshima, alipofika kwenye paka akatoa sauti ambayo paka hana. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikasema, "Pumua, Daktari, mwalimu kasema tupumue." Ukumbi ukabomoka. Naye mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wale kucheka pamoja toka walipovua yale mavazi meupe.

Lakini mwisho wa mazoezi kulikuwa na mkao mmoja. Unalala chali, miguu umeiachanisha, viganja vinatazama juu, unafumba macho, hufanyi kitu. Siku hiyo ya kwanza Verdiana, kwa kutaka kuelimisha, akasema kwa sauti yake ile ya kubembeleza, "Huko mkao huu ulikotoka, unaitwa mkao wa maiti."

Watu waliinuka kama walioitwa majina. Aliyekaa, aliyesimama, mmoja akatoka nje kabisa akaenda kunawa mikono. Verdiana maskini akabaki ameshika mdomo. Hakuwa amefikiri. Watu wale walikuwa wamewalaza wengine hivyo kwa mikono yao, na kufunga zipu.

Siku iliyofuata akauita mkao wa mapumziko. Mmoja mmoja wakarudi kulala. Ausi alilia mara ya kwanza alipolala, akasema ni vumbi la mkeka wangu. Nikamwambia mkeka wangu hauna vumbi, lakini lia tu. Wakazoea. Wengine wakaanza kusema wanapata usingizi hata nyumbani, na Daktari Tarcis akasema presha yake imeshuka.

Mardhiya peke yake ndiye aliyekataa. Mlima atafanya, mti atafanya, tena anasimama vizuri kuliko wote. Wakiambiwa walale, anainuka taratibu, anakwenda kuegemea ukuta chini ya picha za nyanya, anangoja wenzake wafufuke. Mkeka wake unabaki mtupu, na wa pembeni yake pia mtupu, maana kila siku alitandika miwili.

*

Kilichotokea kilitokea wodini. Mardhiya alikuwa amempakata mtoto mchanga, ndio kwanza kamfuta, anampeleka kwa mama yake. Akasinzia akiwa amesimama. Mama yule, na uchungu wake wote, alimdaka mtoto akiwa ameshaanza kumteleza mikononi.

Nilikuwa nakunja mikeka pale ukumbini Daktari Tarcis alipomwita pembeni. Sikusogea. Mtu mzima hasogei mambo yanapokuwa karibu.

"Mardhiya, mimi si adui yako."

"Najua, Daktari."

"Usipolala, utaua mtu. Halafu hutaweza kuishi na hilo. Mpaka Ijumaa. Kama hujaweza kulala kama binadamu, nakutoa wodini. Utarudi kwenu Pangani, upumzike, na uuguzi tutauongelea baadaye."

"Uuguzi ndio ninao, Daktari. Sina kingine."

"Ndiyo maana nakuambia."

Hakubishana zaidi. Alinisaidia kubeba mikeka mpaka nyumbani. Akaingia chumbani. Nikachungulia, kwa kuwa mie tena. Alikuwa amekaa palepale, lakini safari hii alikuwa akitazama lile sweta kwenye msumari, na midomo yake inacheza kama mtu anayejibu.

Nikaenda jikoni kwangu, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila nazi. Nikasema moyoni, Kuruthumu, huyu binti hajafiwa. Sophia kazikwa na nani? Nani alimcheka? Nani alimkomboa? Marehemu bado yumo humo chumbani anangoja mtani wake, na mtani yuko jikoni anakuna hewa.

Ijumaa nilikwenda ukumbini mapema. Sweta nimelificha ndani ya kanga.

Walifanya mlima wao na mti wao. Paka nilimfanya na miye, Verdiana akanisifu. Halafu akasema, "Sasa tulale. Miguu iachane. Viganja juu." Wakalala wote. Mardhiya akainuka, akaenda kwenye ukuta wake. Daktari Tarcis alifumbua jicho moja, akamwona, akalifumba, na niliona amehuzunika.

Nikalitoa sweta, nikalivaa. Lilinifika magotini. Nikatoa kifua mbele, nikarusha nyonga huku na huku kama Sophia aliyekuwa hapiti mlango bila kuusalimia pande zote mbili, nikapita katikati ya watu waliolala. Ausi alikuwa wa kwanza kufumbua macho. Akatia kiganja mdomoni.

Nilikwenda kulala kwenye ule mkeka mtupu. Mgongo wangu hauniruhusu chali, kibiongo kinagoma, kwa hiyo nikalala kama ninavyolala siku zote, kifudifudi, pua kwenye ukindu.

"Jamani eeh!" Nilimtoa Sophia kooni, ile sauti yake nzito ya kuitia mtu wa mbali. "Mbona mmelala wote, na aliyekufa ni mimi peke yangu? Nani kawaambia nafasi zipo? Daktari Tarcis, hilo tumbo lipeleke upande wa pili, linanikinga na jua!"

Kicheko kikatoka upande wa watu wa maabara. Kikafuata kingine. Nikanogewa.

"Na wewe Mardhiya wa Pangani! Umesimama ukutani kama nguo ya dobi. Leo huendeshi lori? Nimelala hapa mpaka pua imechoka kunusa mkeka wa Bi Kuru, na mkeka wenyewe unanuka mgongo. Njoo unigeuze basi. Nigeuze, mwenzangu, nipumue."

Mtu aliyekuwa akicheka akaacha. Sikuelewa kwa nini, maana kwangu yalikuwa maneno ya kufurahisha tu. Lakini kutoka ukutani nilisikia mlio, mdogo, kama wa mtoto anayechomwa sindano kabla hajaanza kulia.

"Nani kakwambia?" alisema Mardhiya. "Bibi. Nani kakwambia maneno hayo?"

Mtani hatoki ndani ya nguo ya marehemu kabla hajakombolewa. Nilibaki vilevile, pua chini.

"Bibi, inuka, tafadhali," Verdiana alinong'ona. Nikasikia na Daktari Tarcis anajikusanya, mkono wake ukanigusa bega. "Hii sasa siyo. Inuka, mama."

"Mwache, Daktari," Ausi alisema. "Huyo ni mtani. Hatumwinui sisi. Atainuliwa na mfiwa."

"Mfiwa yupi?"

Nadhani Ausi alionesha kwa kichwa.

Mardhiya akaanza kusema. Hakupaza sauti. Aliongea kama anavyotoa ripoti ya zamu.

"Alisema hivyohivyo. Nigeuze, mwenzangu, nipumue. Tulikuwa tumemlaza kifudifudi, hewa ilikuwa inapanda vizuri, kwenye mashine naiona. Yeye hataki, anasema anazama. Nikamwambia, ukilala chali itashuka. Akajigeuza. Nikamrudisha. Akajigeuza tena, nikamkalia begani. Mnajua nguvu za Sophia. Nilimshinda. Nikamwambia vumilia kidogo, kidogo tu. Akawa anaomba uso umo kwenye mto, mpaka akaacha kuomba. Nikadhani kalala. Wakaja na mfuko, wakamfunga vilevile. Sikuuona uso wake."

"Ulifanya sahihi," alisema Daktari Tarcis. "Mardhiya, nisikilize. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo."

"Najua nilifanya sahihi, Daktari. Ndiyo maana silali."

Hakuna aliyepumua, na hilo lilikuwa darasa la kupumua.

"Ausi," akasema. "Kule Miono. Mlimweka vipi?"

"Ubavu wa kulia," Ausi alijibu haraka. "Kibla. Mimi mwenyewe niliingia kaburini."

"Uso ulielekea kibla?"

Ausi angeweza kusema ndiyo, na dunia isingeanguka.

"Tulikadiria," alisema. "Mfuko ule hauoneshi uso uko wapi."

Nikasikia nyayo za Mardhiya zinakuja. Miguu mitupu kwenye saruji, halafu kwenye mkeka. Akapiga magoti. Mkono mmoja akauweka begani kwangu, mmoja nyongani, goti langu akalikunja kwa ufundi wao ule, akaniinamia sikioni. Hakuniita bibi.

"Haya, mwenzangu. Tunageuka sasa. Polepole."

Akanigeuza. Kibiongo kilipiga kelele zote, lakini nilikuwa maiti, maiti haulizwi. Aliona, akavuta mkeka uliokunjwa akanitilia chini ya kiuno. Akanitengeneza mikono. Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, paji, mashavu, kidevu, taratibu, kama mtu anayefuta kioo kilichokuwa na ukungu. Akanitazama sana. Sijui alimwona nani. Halafu akapitisha kiganja juu ya macho yangu, akayafunga.

"Unataka nini uamke?" aliuliza.

Njiani nilikuwa nimepanga kudai jogoo mwekundu wa Daktari Tarcis. Nilikuwa nimeandaa na maneno yake, watu wangecheka. Nikamtafuta Sophia kooni, hakuwepo. Ilitoka sauti yangu mwenyewe, ya kizee.

"Ulale hapa na mie kidogo."

Alikaa. Nilimsikia anakaa. Halafu mkeka wa pembeni ukalia, ukindu una mlio wake mtu akiulalia, na mie nimeusuka naujua. Kwanza kiuno. Kisha mgongo, kidogo kidogo, kama anayeingia kwenye maji ya baridi. Halafu kichwa.

Verdiana alikuwa na akili yule binti. Hakusema habari ya viganja wala miguu. Alilala na yeye chini, palepale alipokuwa, na wengine wakalala tena, hata Daktari.

Mardhiya alilia akiwa chali. Machozi ya mtu aliyelala chali huingia masikioni. Sikuwa nikilijua hilo, nilikuwa na miaka mingi sijalala hivyo. Nililigundua siku ile kwa sababu masikio yangu nayo yalijaa maji. Miye, Kuruthumu, niliyekwenda kuchekesha watu.

Sophia hakuamka. Hilo nililitambua pale sakafuni, jinga zee. Misiba yote niliyolala mahali pa marehemu, nilikuwa nikiinuka na kuku wangu mkononi, watu wanapiga vigelegele, nami naona kama nimemrudisha mtu kidogo. Siku ile nilikombolewa, nikashikwa mikono nikainuliwa, nikavua sweta, na ndani ya sweta hamkuwa na mtu.

*

Daktari Tarcis hakumrudisha Pangani. Alimpa mapumziko, akamwambia kazi yake ni kulala tu. Siku za mwanzo alilala vipande vipande, akishtuka, akikaa, akirudi. Verdiana alikuja kumfundisha jinsi ya kuhesabu pumzi. Nami niliketi mlangoni nikichambua dagaa, nikimhesabia vibaya makusudi ili anisahihishe.

Alikwenda Miono na Ausi, kumwona mama yake Sophia. Walichozungumza hakuniambia. Alirudi na mihogo na macho yaliyovimba, akalitoa sweta msumarini, akalifua, akaliweka kabatini.

Akarudi kazini. Zamu ya usiku ya kwanza ilipokwisha, alikuja asubuhi, akaoga, akanywa chai, akasema mtoto aliyezaliwa ni wa kike na ana nywele mpaka puani. Akaingia chumbani.

Mchana nilikuwa jikoni napepeta mchele. Nikaisikia. Kwanza ikakohoa, kama mashine ya kukoboa inayowashwa na mafuta hayatoshi. Halafu ikashika. Ukuta wangu ukatetemeka.

Niliacha ungo mapajani, nikangoja ile pa! ya ukutani. Nikangoja sana. Lori la Mardhiya likapanda kilima, likashuka, na hakuna mtu aliyekuja dirishani kulalamika.

Basi nikainuka, nikaenda nyuma ya mlango ambako kandambili za Sophia zilikuwa bado ndani ya bunda langu. Nikaitoa moja. Nikasimama kwenye ukuta wa chumba chao, upande wangu, nikagonga.

Pa!

Kitanda kikalia. Mardhiya akageuka.